Funguo za gitaa la kichwa chenye madirisha: usafishe za zamani, ununue seti ya bei rahisi, au ujikaze uchukue zenye jina kama Gotoh?

Wakuu, ndani ya muda mfupi nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti, wawili ni wa kwaya yetu hapa Tabora, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi na mwingine ni binamu yangu aliyeko Kigoma. Wote wana yale magitaa ambayo kichwa kimetobolewa madirisha mawili marefu, uzi unaingia ndani ya kichwa na kujizungusha kwenye rola iliyolala, sio yale ya kichwa bapa ambayo vijiti vya funguo vinasimama juu kama misumari. Na wote wanasema kitu kile kile, funguo zimechoka, gitaa halikai kwenye tyuni, ninunue zipi.

Mimi nimeshabadilisha funguo za magitaa ya aina hii mara kadhaa, kuna iliyoniendea vizuri na kuna iliyonila hela, kwa hiyo naweka hapa njia zote nilizopitia moja kwa moja uone ipi inakufaa wewe. Ila kabla ya yote naomba unielewe hili: kitu kinachoamua sio jina la kampuni wala rangi ya dhahabu, ni vipimo. Funguo za bei rahisi zilizokaa sawasawa kwenye matundu zitakufaa kuliko funguo za gharama zilizolazimishwa zikakaa upande.

Kwanza, una uhakika ni funguo?

Nauliza kwa sababu kati ya hao wanne, wawili hawakuhitaji kununua chochote. Jinsi ya kujua ni rahisi, tyuni gitaa, alafu chukua penseli uchore kamstari kadogo kanakoanzia kwenye gia na kuishia kwenye pleti (kile kibati kinachobeba funguo), fanya hivyo kwa funguo zote sita. Piga gitaa lako kama kawaida, nenda nalo hata ibadani, ukirudi angalia. Kama sauti imeshuka lakini mistari bado imeungana basi gia haijasogea hata nywele, tatizo liko kwingine. Gia za aina hii zimeundwa ili kishikio kiweze kuzungusha rola lakini rola isiweze kuzungusha kishikio, kwa hiyo uzi peke yake kurudisha ufunguo nyuma ni jambo la nadra, labda gia iwe imelika kabisa. Cheki pia ile skrubu ya katikati ya gia, ile ikilegea rola inacheza na gia yake na hapo mstari wa penseli hautakuambia kitu, kaza kidogo tu ujaribu tena.

Sasa kwingine ni wapi. Nyuzi mpya za naironi zinavutika siku tatu nne mpaka wiki kabla hazijatulia, hiyo sio ugonjwa. Fundo la kule kwenye daraja (kile kibao cha mbele ambako nyuzi zinafungwa) linaweza kuwa linateleza taratibu. Na kubwa kuliko yote ni kile kijiti cheupe cha juu ambacho nyuzi zinapita kabla ya kuingia kichwani, mifereji yake ikibana utasikia "tii" unapozungusha ufunguo, sauti haipandi haipandi alafu inaruka ghafla. Hapo unaweza kununua funguo za dunia nzima na gitaa likabaki vile vile. Sugua ncha ya penseli laini ndani ya mfereji, ule unga mweusi unalainisha. Mwalimu tatizo lake lilikuwa hili, amepona kwa penseli ya darasani.

Njia ya kwanza: kubaki na za zamani, kuzisafisha

Hii naiweka mbele kwa sababu watu wanaidharau. Funguo ambazo ni ngumu kuzungusha, zinakwaruza, lakini meno ya gia bado yapo mazima na vishikio havijavunjika, hizo hazijafa. Hapa kwetu kiangazi vumbi la Tabora linaingia kila mahali, kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua zianze gia za wazi zinajaa udongo mwekundu uliochanganyika na mafuta ya zamani, unapata kitu kama uji mzito uliokauka. Toa nyuzi, fungua pleti, piga mswaki wa zamani wenye mafuta ya taa kidogo kwenye gia tu, futa mpaka zikauke kabisa, alafu weka tone moja la mafuta ya cherehani kati ya gia na kile kichuma chenye mistari ya skrubu kinachoisukuma. Tone moja, sio kumwaga. Futa linalobaki.

Binamu yangu wa Kigoma yeye aliweka mawese. Namwelewa, kule mawese yapo kila jiko, na siku ya kwanza funguo zilizunguka laini kabisa. Lakini mafuta ya kupikia yoyote yale, yawe mawese au alizeti, yakikaa hewani yanageuka gundi, baada ya muda funguo zake zilikuwa ngumu kuliko mwanzo na vumbi limeganda juu yake. Tulizisafisha zikarudi. Kwa hiyo ya jikoni yabaki jikoni.

Kwenye ncha za rola, pale zinapoingia kwenye mbao ya katikati ya kichwa, usiweke mafuta kabisa maana mbao itayanywa. Weka nta kavu, na sisi watu wa Tabora hatuna sababu ya kuhangaika, nta ya nyuki ipo, ukimjua mtu anayeuza asali muombe kipande. Unga wa penseli nao unafaa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haigharimu karibu chochote na matundu yanabaki yale yale, pleti ile ile, hakuna kutoboa. Ubaya wake ni kwamba haitengenezi kitu kilicholika. Kama ukizungusha kishikio kushoto kulia kinacheza karibu robo ya mzunguko kabla uzi haujasikia, hiyo gia imelika, usafi utakupa laini lakini hautakupa ukakamavu. Na kama kishikio kimoja tu ndio kimevunjika, usinunue seti nzima, vishikio vinauzwa peke yake na kuna vya kushikwa na skrubu ndogo, pia fundi mzuri anaweza kukuchongea cha mpingo au cha pembe na kikadumu kuliko cha plastiki.

Njia ya pili: seti ya bei rahisi isiyo na jina

Hizi ndizo utakazozikuta Kariakoo na kwenye maduka ya mtandaoni, pleti mbili za rangi ya dhahabu au fedha, kila moja na funguo tatu, vishikio vya plastiki nyeupe vinavyong'aa kama lulu. Bei yake inalingana na seti mbili tatu za nyuzi nzuri, mtu yeyote anaweza kujikusanya akanunua. Nimeshafunga hizi mara mbili na nitasema ukweli wangu.

Seti ya kwanza ilikuwa nzuri, kweli kabisa, gitaa la kwaya limekaa nayo zaidi ya miaka miwili sasa na halijasumbua. Seti ya pili, imefanana kabisa na ya kwanza ukiitazama kwenye picha, funguo mbili kati ya sita zilikuwa na sehemu ngumu na sehemu laini ndani ya mzunguko mmoja, ina maana rola haijanyooka au gia imetobolewa nje ya katikati. Unatyuni uzi wa tatu unakaribia pale unapopataka, mkono unakutana na ugumu, unasukuma, unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena. Kwa mtu anayejifunza hii inaua hamu, anadhani sikio lake ndio bovu. Hicho ndicho kinachonikera na hizi seti, sio kwamba zote ni mbaya, ni kwamba huwezi kujua mpaka imefika mkononi, na ikishafika kutoka Dar kwa basi nani anairudisha.

Na bati lake ni jepesi. Ukikaza skrubu kwa nguvu pleti inapinda kidogo na pleti ikipinda rola zinabana. Kwa hiyo ukiamua hizi, na kuna wakati ni uamuzi wa busara kabisa mfano gitaa lenyewe ni la bei ya chini au ni la watoto, basi zungusha funguo zote sita ukiwa bado unashika pleti mkononi kabla hujafunga hata skrubu moja. Kila moja izunguke mzunguko mzima wa rola ikiwa na uzito ule ule. Ukikuta ngumu, dai ubadilishiwe kabla hujalitoboa gitaa.

Njia ya tatu: za katikati, zenye jina

Hapa ndipo kuna Gotoh wa Japani, Schaller wa Ujerumani, Der Jung wa Taiwan, Grover wa Marekani. Sio zote zina bei moja, na kampuni moja ina modeli za chini na za juu, ila kwa ujumla tegemea kulipa mara kadhaa ya ile seti isiyo na jina. Juu ya hizi kuna wale wanaotengeneza kwa mkono kama Rodgers wa Uingereza, vitu vya kupendeza mno, lakini seti moja inaweza kuzidi bei ya magitaa yetu yote ya kwaya ukiyajumlisha kwa hiyo napita.

Kilichonishangaza siku nilipofunga Gotoh ya modeli ya chini kabisa kwenye gitaa langu ni ule usawa. Ufunguo wa kwanza na wa sita vinazunguka kwa uzito mmoja. Unasogeza kidogo, sauti inasogea kidogo, unaacha, inakaa. Hakuna kile kipande cha mkono kuzunguka bure. Nimekaa nalo misimu miwili ya mvua na kiangazi kimoja kirefu na sijalikaza chochote. Kama gitaa lako unalipenda, lina sauti, unajua utakuwa nalo miaka kumi, mimi upande wangu upo wazi, jikaze ununue hizi mara moja kuliko kununua za rahisi mara mbili.

Lakini sikiliza, nililipia zaidi kwa sababu vipimo vilikubali. Vingekataa ningekaa na za zamani.

Hapo kwenye uwiano mnapotea sana

Watu wanaulizana "hizi ni 14 kwa 1 au 18 kwa 1" kama vile ndio kila kitu. Maana yake ni kwamba unazungusha kishikio mara 14, au mara 18, ndipo rola izunguke mara moja. Namba kubwa, mwendo wa taratibu zaidi. Sasa fanya hesabu na mimi. Rola ya gitaa la naironi ina unene wa milimita 10, mzunguko wake ni kama milimita 31.4. Kwa 14 kwa 1, kila ukizungusha kishikio mara moja unavuta uzi kama milimita 2.2. Kwa 18 kwa 1 unavuta kama 1.75. Tofauti ni nusu milimita tu. Ipo, sikatai, mkono unaisikia, lakini ufunguo wa 14 uliotengenezwa vizuri usio na mchezo unautyuni kirahisi kuliko wa 18 wenye mkono wa bure. Tena ukiwa na haraka ya kubadilisha nyuzi kabla ya ibada huo wa 18 unakuchosha vidole. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwa kigezo cha uwiano peke yake, muulize kwanza rola ina unene gani.

Unene wa rola ndio unatenganisha naironi na chuma

Hapa naomba utulie kwa sababu ndipo magitaa mengi yanapofia. Kuna familia mbili za funguo za kichwa chenye madirisha. Moja ina rola nene, milimita 10, ya plastiki au mfupa, nyeupe mara nyingi, hiyo ni ya naironi. Unene ule ni kwa faida ya uzi, uzi laini haupendi kukunjwa kwenye kona kali na unataka eneo la kushika ili usiteleze. Zamani kabla ya naironi kuingia miaka ya 1940 nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama na mantiki ilikuwa hiyo hiyo. Familia ya pili ina mhimili mwembamba wa chuma mtupu, kama milimita 6, hiyo ni ya nyuzi za chuma, kuna magitaa ya nyuzi za chuma yenye kichwa cha madirisha, yapo na ni mazuri.

Shida ya kwetu ni kwamba mtu ana gitaa la naironi, anaona sauti ni ndogo kanisani, anaweka nyuzi za chuma. Seti ya kawaida ya chuma, hata ile nyepesi, ikiwa kwenye tyuni jumla yake inavuta zaidi ya kilo 70, ya naironi inacheza karibu na 40. Uzi wa chuma unakata njia kwenye rola ya plastiki, rola inapasuka, funguo zinakuwa ngumu, na mwenye gitaa anakuja kuniuliza ninunue funguo zipi zenye nguvu. Wa pili wa kwaya ndiye huyu. Jibu langu kwake halikuwa funguo. Ukimpa funguo za nguvu umempa uwezo wa kung'oa daraja, maana kitakachofuata kuachia ni daraja au uso wa mbele kuvimba tumbo, na daraja la kwake lilikuwa limeshaanza kunyanyuka kwa nyuma, karatasi ilipita chini yake. Tulitoa chuma, tukarudisha naironi, daraja likabandikwa upya na fundi seremala wa hapa hapa mjini, na pesa aliyokuwa ameweka kwa ajili ya funguo ikanunua kipaza sauti kidogo cha kubandika. Sasa anasikika.

Kwa hiyo kama rola zako ni nyeupe nene usinunue za mhimili mwembamba ukidhani ni imara zaidi. Hata matundu hayakubali, tundu la milimita 10 na mhimili wa 6 unaelea, utahitaji kujaza mbao au kuweka vikombe vya kupunguza tundu, na mwisho wa siku umelitayarisha gitaa lipokee mzigo ambao mwili wake haukujengewa.

Chukua rula

Pima kutoka katikati ya rola ya kwanza mpaka katikati ya rola ya tatu upande mmoja, alafu gawa kwa mbili. Kupima kwa mtindo huu kunapunguza kosa la macho kwa nusu. Ukipata milimita 70, yaani 35 kwa 35, shangilia, hicho ndicho kipimo cha kawaida cha leo na karibu seti zote za njia ya pili na ya tatu zitaingia. Ukipata kama 78 una nafasi za 39, ziko kwenye baadhi ya magitaa hasa ya zamani, na uchaguzi unapungua sana. Ukipata kitu cha katikati hapo, rudia kupima.

Usijidanganye kwamba milimita moja itajipanga yenyewe. Rola tatu zimeshikwa na pleti moja ya chuma, kama matundu hayaendani basi mojawapo inakaa inasugua ukuta wa tundu, na rola inayosugua ndio ile ngumu isiyotyunika, umelipa hela ya Gotoh ukapata tabia ya seti isiyo na jina.

Kwa wenye nafasi za ajabu kuna funguo za mojamoja, kila ufunguo na kipleti chake. Hizo hazijali nafasi kati ya rola na rola. Ni msaada wa kweli kwa gitaa la zamani ambalo hutaki kulitoboa upya, tatizo lake nyingi zinazouzwa zimelenga chuma, zina ule mhimili mwembamba, soma maelezo vizuri.

Mengine ya kupima ni unene wa rola wenyewe, urefu wake kutoka kwenye pleti mpaka ncha (ncha ifike kwenye mbao ya katikati bila kuigonga na lile tundu la uzi litokee ndani ya dirisha), na upana wa ubavu wa kichwa ili pleti isizidi mbao. Urefu wa pleti nao uangalie, pleti mpya ikiwa fupi kuliko ya zamani utabaki na kivuli cha rangi na matundu ya skrubu yanayochungulia. Haiharibu sauti, ila wengine inawauma kuiona na nawaelewa.

Alafu piga picha. Picha ya mbele ya kichwa, ya ubavu, na ya rola ikiwa imelala pembeni ya rula, ndio umtumie muuzaji. Mimi niliwahi kuagiza kwa maneno tu kwenye simu, "funguo za gitaa, tatu tatu", nikaletewa za kichwa bapa, zile za kusimama. Zikarudi Dar, nauli kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Kufunga

Sitaeleza kila hatua maana sio ngumu, ila kuna sehemu tatu zinazoharibu.

Skrubu. Ni ndogo sana na nyingi ni za shaba laini, ukilazimisha kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani ya mbao, na hapo sasa una kazi ya siku nzima. Ipitishe skrubu kwenye nta kwanza, ile ile nta ya asali, au kipande cha sabuni ya mche, itaingia kama siagi. Bisibisi iendane na kichwa cha skrubu. Kama tundu la zamani limelegea, chovya kijiti cha meno kwenye gundi ya mbao, kizamishe, subiri mpaka kesho, kata. Kama matundu mapya hayaendani kabisa na ya zamani, ziba ya zamani kwa vijiti vya mbao ngumu, mabaki ya mninga kwa seremala yoyote wa hapa Tabora utapewa bure.

Pili, kulia na kushoto. Uzi unavuta rola kuelekea kwenye shingo. Kile kichuma chenye mistari kikiwa upande wa shingoni na gia ikiwa juu yake, mvuto wa uzi unaisukuma gia iingie ndani ya mistari, inashika vizuri. Ukibadilisha pleti ya kulia ukaiweka kushoto vinageuka, uzi unaivuta gia iachane na kichuma, na vishikio vinazunguka kinyume na ulivyozoea. Gitaa litapiga siku hiyo, ila umeanza kula meno ya gia.

Tatu, kaza taratibu huku unajaribu. Kabla ya skrubu, rola zote ziwe zinazunguka kwa vidole viwili. Kaza moja, zungusha. Kaza ya pili, zungusha. Ikiwa ngumu ghafla umejua ni skrubu ipi imeivuta pleti upande, legeza, tafuta wapi mbao inasugua. Paka chaki kwenye rola, iingize, izungushe, ukiitoa utaona pale chaki ilipofutika, kwangua hapo kidogo sana kwa msasa uliozungushiwa kwenye penseli. Usikubali lile neno la mafundi wengine kwamba itajilegeza yenyewe ikitumika. Haijilegezi, inakula.

Mimi magitaa ninayoyashika yamegawanyika hivi kwa sasa: la kwangu lina Gotoh, la kwaya lina ile seti isiyo na jina iliyotoka vizuri, la binamu Kigoma lina funguo zake za zamani tulizozitoa mawese na zinazunguka. Mji huu ndio uliotoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, bado kuna wazee mtaani wanaokaa nje jioni na wanasikia uzi wa pili ukishuka kabla mpigaji mwenyewe hajasikia, mmoja jirani yetu akisikia tunafanya mazoezi anapaza sauti kutoka kibarazani "huo wa pili!" Tangu la kwaya lifungwe ile seti ni nadra apaze. Jumapili iliyopita alipaza tena, nikaenda na penseli, mistari ilikuwa imeungana vile vile, ilikuwa ni nyuzi mpya tulizofunga Ijumaa.